Sura ya Sita: Mshale Unaocheza

Mwalimu aliliegesha gari lake chini ya mkungu ulio mbele ya gereji, akazima injini, lakini hakushuka. Alikaa akiukazia macho mshale wa spidomita kama anayemngoja mwanafunzi akiri kosa. Magurudumu yalikuwa yametulia tuli, na mshale bado umening'inia juu ya kituo chake, upana wa kidole hivi. Kisha ukateremka taratibu, kama mzee anavyokikalia kiti cha kamba, ukatua.

"Umeuona?" aliniuliza dirishani.

"Nimeuona, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Mafundi watatu wameshauona kabla yako, na wote wamesema ninunue mita mpya. Nikawauliza, mmeifungua hii ya zamani? Hakuna aliyeifungua."

Gari lenyewe lilikuwa Datsun 240Z, rangi ya chungwa lililoiva sana, boneti ndefu kama mdomo wa papa. Nissan ilianza kuliunda Japani mwaka 1969: viti viwili, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wake sentimita za ujazo 2,393. Huku kwetu halikujulikana kwa picha za magazeti tu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally. Mwaka 1973 likashinda tena, safari hiyo likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye familia yake ilikuwa imefukuzwa na Idi Amin mwaka mmoja tu uliotangulia. Pembeni yake alikaa Lofty Drews. Mehta alimaliza sare na Harry Källström wa Uswidi, naye akiwa kwenye Datsun ya aina nyingine, ikabidi kanuni ya kuvunja sare ndiyo iamue. Mwalimu alikuwa mwanafunzi wa sekondari Pasaka ya mbio hizo. Alisimama kando ya barabara tangu alfajiri, gari likapita kwa muda wa kupepesa jicho, akabaki na vumbi kinywani na kiapo moyoni. Kiapo alikitimiza baada ya kustaafu.

Kwa hiyo kumwambia mtu kama huyu "nunua mpya" ni kumfukuza kwa adabu. Mita ya 240Z haipo kwenye rafu za maduka ya vipuri ya Grogan wala ya Gerezani. Inayopatikana ni iliyong'olewa kwenye gari lililokufa, nayo ina umri ule ule na huenda ina maradhi yake yenyewe. Isitoshe, katika miaka yangu yote ya kulala chini ya dashibodi, mita niliyoikuta imekufa yenyewe ni nadra. Mara nyingi ugonjwa uko njiani, huko chini ambako mkono haufiki bila kuchafuka, na mita inalaumiwa kwa sababu ndiyo inayoonekana.

Mshale unaocheza una namna yake ya kucheza. Kuna unaotetemeka, kuna unaoyumba kama mlevi, kuna unaoruka na kurudi, kuna unaopanda mpaka mwisho wa duara na kung'ang'ania huko. Kila mchezo una chanzo chake. Fundi anayeanza na bisibisi anauvuruga ushahidi. Nilimwomba Mwalimu turudi barabarani, yeye aendeshe, mimi nikae kushoto na kutazama.

Tulivuka daraja la Nyali tukashika njia ya Malindi. Kwenye msongamano, tukienda kwa mwendo wa baiskeli ya muuza mkate, mshale ulitoka 20 ukaruka 60, ukarudi 30, ukaruka tena. Nyuma ya dashibodi kulikuwa na mlio mdogo, kirr, kirr, kama panzi kwenye kiberiti. Barabara ilipofunguka na tukafika mwendo wa themanini hivi, mchezo ukapoa, ukabaki mtetemo tu. Nami muda wote huo jicho langu moja lilikuwa kwenye namba za kilomita, zile ndogo zinazojigeuza ndani ya kidirisha. Zilikuwa zikienda vizuri, moja baada ya nyingine, bila kusita.

Hizo namba ndizo shahidi wa kwanza, na ajabu ni kwamba hakuna anayezihoji. Ndani ya mita ya zamani kuna kazi mbili zinazofanywa na waya mmoja. Waya unatoka kwenye giaboksi, unapita chini ya sakafu, unapanda mpaka nyuma ya dashibodi, ukizunguka kadiri gari linavyokwenda. Ukifika ndani ya mita unazungusha sumaku inayouvuta mshale, na papo hapo unazungusha vigia vinavyogeuza namba. Sasa, mshale ukifa na namba zikafa, usiifungue mita: waya umekatika, au gia iliyoko kwenye giaboksi imeliwa meno. Mshale ukifa namba zikiwa hai, hapo ndipo mita yenyewe inashukiwa. Na mshale ukicheza huku namba zikienda, kama ilivyokuwa kwa Mwalimu, basi mzunguko unafika, ila unafika kwa mikupuo, au kuna kitu ndani kinachouvuruga mshale peke yake. Au yote mawili. Siku ile sikufikiria yote mawili, na kosa hilo lilinigharimu wiki.

Watu wengi hudhani mshale umefungwa kwenye waya. Haukufungwa. Kati ya waya na mshale kuna nafasi tupu ya hewa, na katika nafasi hiyo ndimo ulimo ujanja wote. Waya unazungusha sumaku. Sumaku imezungukwa na kikombe chepesi cha aluminiamu ambacho hakiigusi. Aluminiamu haivutwi na sumaku, na hili unaweza kulihakikisha jikoni: bandika sumaku kwenye sufuria, itaanguka. Lakini ning'iniza kifuniko cha sufuria kwa uzi, halafu chukua sumaku kubwa ya spika iliyokufa, uipitishe kwa kasi mduara mduara chini ya ukingo wake bila kukigusa. Kifuniko kitaanza kujigeuza kuifuata sumaku. Jambo hili liliwasumbua wakubwa. François Arago aliliona Paris mwaka 1824, akitumia sahani ya shaba na sindano ya dira, asiweze kulieleza. Maelezo yalikuja mwaka 1831, Michael Faraday alipogundua London kwamba sumaku inayosogea huamsha umeme ndani ya metali. Umeme huo unajizungusha humo humo kwenye metali, unaigeuza kuwa sumaku dhaifu ya muda, na sumaku mbili zikikutana ndipo mvutano unapoanza. Mwaka 1902 Otto Schulze wa Strasbourg, mji uliokuwa wa Ujerumani wakati huo, akasajili hataza ya kipima mwendo kilichotumia ujanja huo huo. Miaka themanini na zaidi iliyofuata, magari mengi duniani yalibeba wazo lake nyuma ya usukani.

Kikombe kingeachwa huru kingezunguka pamoja na sumaku bila kikomo. Kinachokizuia ni springi nyembamba kama unywele, iliyojikunja kama ile ya saa ya mkononi. Fikiria mbuzi aliyefungwa kamba kwenye mnazi. Mbuzi anavuta kuelekea majani, kamba inamrudisha, na pale nguvu zinapolingana ndipo anaposimama. Mshale umebandikwa kwenye kikombe, na unaposimama ndipo tunaposoma mwendo. Kwa hiyo spidomita ya namna hii haijui kabisa kwamba kuna barabara. Inachojua ni waya unazunguka kwa kasi gani. Mita za Kijapani za kizazi hiki zilipangwa hivi: waya ukizunguka mara 637 kwa dakika, mshale uonyeshe 60. Na kwa kuwa anayekwenda 60 kwa saa humaliza kilomita moja kwa dakika moja, waya unazunguka mara 637 kwa kila kilomita. Iweke namba hiyo, tutaihitaji.

Tuurudie waya wenyewe. Ni nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa tabaka juu ya tabaka, zikapitishwa ndani ya ganda refu linalopindika. Ukiuzungusha upande mmoja, upande wa pili hauitiki papo hapo. Kwanza waya unajisokota kidogo, kama kamba ya mpira, kisha ndipo mwisho wake unageuka. Ganda likiwa safi na mapindo yakiwa mapana, huo msokoto unabaki ule ule na mshale unatulia. Lakini waya ukikwama mahali fulani, unajisokota, unajisokota, halafu unajinasua kwa mpigo na kuachilia yote kwa pamoja. Sumaku inasimama, kisha inaruka, na mshale nao unaruka. Kwenye mwendo mkubwa waya hauna muda wa kukwama sawasawa, ndiyo maana mchezo hupungua. Mshale unaoyumba kwenye mwendo mdogo na kutulia kwenye mwendo mkubwa unakuambia, kwa maneno karibu ya wazi: nipangusie njia.

Turudi kwenye Safari kidogo, maana waya huu ulikuwa na kazi kubwa kuliko kumwonyesha dereva mwendo. Katika mbio zile hakuna aliyejali mshale. Aliyejali ni msoma ramani, na kilichomhusu ni umbali: njia panda iko kilomita ngapi kutoka kituo cha mwisho. Mapajani alikuwa na kitabu cha njia na mbele yake kifaa cha Kiswidi kiitwacho Halda, chenye namba za kuhesabu umbali kwa usahihi ambao mita ya kawaida haikuuota. Halda ilizungushwa na waya ule ule wa mita, uliogawanywa. Gurudumu la nyuma likiteleza kwenye matope ya Aprili, waya unahesabu njia ambayo gari halikwenda, na msoma ramani anajikuta anatafuta njia panda iliyobaki mbele bado. Ndiyo sababu baadhi ya timu zilichukua mzunguko kutoka gurudumu la mbele, lisilosukumwa na injini.

Nililala chali chini ya usukani wa Mwalimu, kijana wangu akinishikia tochi. Waya umeshikiliwa nyuma ya mita kwa nati ya duara yenye mikwaruzo, ambayo haihitaji spana. Vidole vitatu vinatosha kama umri haujaikamata. Nikaifungua, nikaushika waya wa ndani kwa plaizi, nikauvuta polepole juu ya gazeti kuukuu.

Ulitoka mweusi. Grisi ilikuwa nyingi hata ikadondoka kama ugali mbichi, nzito, ile ya kupaka beringi za magurudumu. Mtu fulani aliona waya unalia akaamua kuushibisha. Huruma ya namna hii ndiyo inayoua mita nyingi kuliko uzembe. Waya uliosokotwa ni kama parafujo ndefu: unavyozunguka unapandisha kilichoupaka, mpaka kinaingia ndani ya mita. Waya huo unataka mafuta mepesi, kiasi cha kung'arisha tu, na sentimita 20 za juu ziachwe kavu kabisa. Kijana wangu alipoupangusa kwa kitambaa, kiasi cha urefu wa mkono kutoka mwisho wa chini, tukaona kitu kingine. Nyuzi za nje zilikuwa zimelika zikawa bapa na kung'aa, mahali pa urefu wa kidole gumba, kana kwamba mtu alipapiga msasa.

"Hapa ndipo unapolia," kijana akasema.

Tukaingia chini ya gari. Waya ulipotoka kwenye giaboksi haukuachwa uende kwa upinde wake. Ulikuwa umevutwa pembeni, ukafungwa kwa kamba ya plastiki kwenye bomba la breki, na hapo ukapindwa kama kiwiko cha mtu anayejikinga. Mwalimu akakumbuka kwamba miaka mitatu nyuma giaboksi iliteremshwa ili klachi ibadilishwe. Gereji sitaitaja, na kwa haki, kosa ni dogo: waliusogeza waya usiwazuie, wakausahau. Pindo la waya wa mita linatakiwa kuwa pana. Hili lilikuwa kama ukingo wa kikombe cha kahawa, tena kile kidogo cha wauza kahawa wa Mji wa Kale.

Waya uliolika hautengenezwi. Tuliagiza mwingine, na hili ni jambo jema la magari haya: waya na ganda lake vinaweza kutengenezwa kwa kipimo na mafundi wanaofanya kazi hiyo, mradi urefu na ncha zake vilingane na vya zamani. Ulipofika niliupima kabla ya kuuingiza. Unaushika ncha moja kila mkono, unauacha uning'inie kama bembea, kisha unausokota taratibu kwa vidole vya mkono mmoja. Mkono wa pili lazima uhisi mzunguko ule ule, laini, bila kuruka. Ukiruka, waya una kipindo usichokiona, na ukiufunga utaanza safari upya. Tuliosha ganda kwa mafuta ya taa, tukalipulizia hewa mpaka likakauka, tukapaka mafuta kidogo, tukaupitisha kwa upinde mpana mbali na bomba la ekzosi, na kamba ya plastiki nikaikata nikaitia mfukoni ili Mwalimu aione.

Tukatoka barabarani. Mshale ulipanda kama maji kwenye mtungi, ukasimama 50, ukabaki 50. Mwalimu alicheka peke yake. Alilipa, akaondoka, nami nikajisifu kwa kijana wangu jioni nzima.

Siku ya tano akapiga simu. Mshale hauchezi tena, alisema, lakini asubuhi unadanganya. Akitoka nyumbani alfajiri unamwambia 90 wakati hata bajaji zinampita. Saa nne hivi unarudi kwenye akili yake. Na jambo lingine: kiatu chake cha kulia kinanuka yai bovu.

Nilijua papo hapo, na niliona aibu, kwa sababu ushahidi nilikuwa nimeonyeshwa siku ya kwanza chini ya mkungu. Mshale unaoteremka taratibu wakati gari limesimama hauna uhusiano wowote na waya. Waya umesimama, sumaku imesimama, na ile springi ya unywele ilitakiwa iurudishe mshale mara moja. Kama mshale unajivuta, kuna kitu kinachonata ndani. Na harufu ya yai bovu ni salfa, na salfa ndani ya gari kama hili mara nyingi ni oili ya giaboksi.

Safari ya oili hiyo ilikuwa ndefu. Nyuma ya giaboksi ya 240Z kuna kijigia cha plastiki kilichokaa ndani ya bomba fupi la metali, ndicho kinachozungusha waya. Bomba hilo limezuiwa na bolti moja na kibati kidogo. Kiungo chake kinazibwa na oringi, na ndani kuna sili ndogo inayouzunguka mhimili wa kijigia. Baada ya miaka hamsini mpira huwa hauzibi tena; unakuwa mgumu kama pipi ya kashata. Oili inaingia kwenye ganda, waya unaipandisha zungusho kwa zungusho, nyingine inadondoka kwenye zulia karibu na pedali, na nyingine inaingia ndani ya mita. Huko inajaza ile nafasi tupu kati ya sumaku na kikombe. Sasa sumaku haivuti kikombe kwa umeme tu, inakivuta pia kwa unato wa oili, kama mwiko unavyozungusha sufuria iliyojaa uji. Mshale unazidishiwa. Alfajiri oili ikiwa nzito unazidishiwa sana, na jua likipanda oili inakuwa nyepesi na uongo unapungua.

Waya wangu mpya, safi na uliozunguka bila kukwama, ulikuwa pampu bora kuliko ule wa zamani. Hilo nalo nililikiri mbele ya Mwalimu.

Kufungua kijigia si kazi, ila weka beseni chini kwanza, kwa sababu oili itakufuata mkononi. Meno yake yalikuwa mazima. Tulibadilisha oringi na sili, vitu viwili ambavyo gharama yake haifiki ya sahani ya biriani. Ganda tukalisafisha upya. Iliyobaki ni mita yenyewe, na hapo niliutambua mpaka wangu. Kuna mafundi wa magari wanaozifungua wenyewe, wanaung'oa mshale kwa vijiko viwili, wanamwagia petroli, na rangi ya namba inaondoka pamoja na uchafu. Mimi niliifunga kwa kitambaa nikaipeleka kwa fundi saa, mzee mwenye duka la upana wa mlango mmoja, ambaye maisha yake yote ameyamaliza akitazama springi za unywele kupitia lenzi.

Aliigeuza mikononi akanusa. "Hii imekula samaki," akasema.

Hakuung'oa mshale. Alifungua upande wa nyuma, akaosha kikombe na sumaku kwa spiriti, tone kwa tone, akitumia brashi ya rangi ya watoto, akifyonza kwa karatasi na kurudia mpaka karatasi ikatoka nyeupe. Alitia tone moja la mafuta ya saa kwenye beringi ya shina, tone ambalo sikuliona likitoka wala likifika. Kisha akaniomba niizungushe kwa drili niliyokuja nayo, upande sahihi, kwa kasi ndogo. Upande sahihi ni jambo la kuhakikisha kabla, ukitazama waya unakozunguka gari linapokwenda mbele; ukiuzungusha kinyume unaugandamiza mshale kwenye kituo chake na unavisumbua vigia vya namba. Mshale ulipanda, ukatulia. Nikaachia drili, ukarudi nyumbani kwa mpigo mmoja, tak.

"Sasa anatembea na njaa," mzee akasema, "ndivyo saa inavyotakiwa."

Ningeishia hapo, lakini baada ya kukosea mara moja nilitaka kuipima mita dhidi ya ardhi. Njia hii haihitaji mashine yoyote. Tulipima mita 20 kwenye sakafu ya gereji kwa utepe, tukaweka alama mbili za chaki. Waya tuliuchomoa nyuma ya mita, ncha yake tukaibandika kipande cha karatasi ya gundi kama bendera. Kijana akakaa ndani kuhesabu, mimi na Mwalimu tukalisukuma gari gia ikiwa huru, sawasawa, kutoka chaki mpaka chaki. Kwa mizunguko 637 kwa kilomita, mita 20 zinatakiwa kuzungusha waya mara 12 na robo tatu hivi.

"Kumi na nne," kijana akaita.

Tukarudia. Kumi na nne. Mwalimu, ambaye alifundisha hesabu miaka thelathini na mbili, aliinama akatazama tairi kabla yangu. Gari hili lilitoka kiwandani na tairi za 175 kwenye rimu ya inchi 14, tairi zenye mbavu ndefu. Zilizokuwepo zilikuwa 185/60, nzuri kwa macho, pana, fupi. Kipenyo chake ni kidogo kwa karibu sehemu moja ya kumi, kwa hiyo zinazunguka mara nyingi zaidi kwa njia ile ile, na mita inaamini gari liko mbali zaidi na linakwenda haraka zaidi. Ikisema 110, gari liko 100. Kosa la upande huu lina staha yake: kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 39, inayohusu spidomita, inaruhusu mita kuzidisha asilimia 10 na kilomita 4 juu yake, lakini hairuhusu kamwe ipunguze. Lilikuwa ndani ya mipaka, basi, na polisi wa barabarani hawangemkamata kwa ajili yake.

Nilimweleza kwamba anaweza kutafuta kijigia chenye meno mengi zaidi ili waya upunguze mizunguko, au arudishe tairi za kipimo cha zamani. Hakunijibu. Alikuwa ametoa daftari la gari kwenye sanduku la dashibodi, lile alimoandika kila lita ya petroli tangu alinunue, akatafuta siku alipofunga tairi zile. Kisha akachukua chaki ile ile akaenda kwenye mlango wa gereji.

Namba za siku ile: 61,240. Namba za leo: 72,240. Akatoa. Akagawa kwa moja nukta moja, kwa mwandiko mkubwa wa ubaoni, akapiga mstari chini ya jibu mara mbili.

"Elfu kumi," alisema. "Nimetembea elfu kumi. Hizi elfu moja ni kilomita hewa."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na oili ya injini nimekuwa nikiibadilisha kwa kilomita hewa."

"Umekuwa ukiibadilisha mapema, Mwalimu. Injini haijalalamika."

Alifikiri kidogo, akaandika 71,240 pembeni, akaizungushia duara. Tairi zilikuwa bado na nusu ya uhai wake, akasema hatazitupa kwa ajili ya namba. Atangoja ziishe, na mpaka siku hiyo atakuwa akiitoa moja ya kumi na moja kichwani kila akitazama mshale. Aliingia, akawasha, akarudi nyuma mpaka chini ya mkungu. Mshale ulisimama kwenye kituo chake. Hesabu yake bado iko mlangoni, na kijana wangu amekatazwa kuifuta.